Tangazo la Siku Ishirini na Moja

Ubao wetu uko nje, upande wa jua,
kati ya mnada wa baiskeli na chanjo ya mbwa.
Hapo nilimbandika Radka na Wilmer wake
kwa pini nne, maana upepo wa Tanga hauna adabu.

Walikuja Jumatatu, matope ya Amani bado viatuni.
Miaka miwili wamehesabu vyura usiku,
huyu tochi, huyu daftari,
mmoja wa Brno, mmoja wa Puno,
na lugha waliyokutania ni hii yetu.
"Tunataka kuoana. Tulete nini?"

Nikawaambia. Hata usingizini huwa naambia:
Pasipoti, na kivuli chake. Cheti cha kuzaliwa.
Karatasi ya kwenu isemayo huna mke,
na wewe, isemayo huna mume.
Si mdomo wako, dada. Karatasi.
Kama uliachwa, talaka. Kama ulifiwa, kifo chenyewe, kwa muhuri.
Kisichosomeka hapa kikafasiriwe kwa kiapo.
Picha. Mashahidi wawili wenye akili zao.
Na subira, ambayo haina risiti.

Karatasi ya Radka ilifika mapema,
herufi zake zimevaa kofia, kama watoto wa madrasa.
Ya Wilmer ilitangatanga. Ilipita Lima,
ikalala Nairobi wiki mbili
kama msafiri aliyeibiwa nauli.
Mfasiri wa Dar alihesabu maneno
kama fundi apimavyo kitambaa cha tajiri.
"Hata tarehe ni neno?"
Hata tarehe.

Nyuma ya daftari la vyura Wilmer aliandika:
tangazo, leseni, cheti,
basi la Dar, kulala Dar,
basi la Dar tena, muhuri wa kwanza haukusomeka.
Akapiga mstari. Chini ya mstari:
pete, baadaye.

Nami niliyekuwa nawadai
naishi Makorora na Semboja mwaka wa kumi na tisa.
Watoto watatu, friji moja, karatasi hakuna.
Sheria ina neno kwa watu kama sisi:
dhana ya ndoa.
Yaani tukikaa vya kutosha, na majirani wakikubali,
serikali inatudhania.
Nafua mashati ya dhana.
Nagombana na dhana kuhusu ada ya shule.

Siku ya kumi na tisa akaingia Hizza,
kijana wa kutoa kopi hapo ng'ambo ya barabara.
"Nina pingamizi," akasema.

Kalamu zikasimama.
Miaka kumi na moja nabandika matangazo,
sijawahi kuona pingamizi likija na miguu.

"Dada mmemkosea jina. Halina kofia.
Nimetoa kopi ya pasipoti yake mara kumi na nne, nalijua.
Kwao watakikataa hicho cheti."

Alikuwa sahihi. Kompyuta yetu haivai kofia.
Kosa la jina ni tangazo jipya,
tangazo jipya ni siku nyingine ishirini na moja,
na viza yao ilikuwa imebakiza sita.
Nilimtazama Hizza. Hizza alitazama kalamu yangu.
Kisha nikainama chini ya meza
kutafuta stepla iliyokuwa mkononi mwangu,
nikaitafuta sana,
mpaka niliposikia kreti ya soda ikirudishwa mahali pake.

Waliapa Jumatano, saa nne na nusu.
Hizza alikuwa shahidi, shati la kuazima, kola inamkaba.
Pete zilikuwa za shaba, za fundi wa Ngamiani.
Kwenye cheti niliiandika kofia kwa mkono,
taratibu, kama anayetia wanja.

Usiku nilimuuliza Semboja
cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi.
Akaacha kumenya chungwa.
"Kwani tunasafiri?"
Nikamwambia ndiyo.
Mpaka ubaoni.