Unga Ndani ya Betri

Zilivuka Ruzizi ndani ya mfuko wa mkate,
betri nne zenye koti la zambarau,
zimeandikwa elfu tisa mia tisa.
Kwenye simu, picha yake ilikuwa inang'aa.
Nikazipima kiganjani: nyepesi.
Nikazilehemu hivyo hivyo.

Mama Nsimire, mshonaji wa Kadutu,
alinipa dola kumi na mbili zinukazo mafuta ya cherehani,
taa yake ikeshe naye
hadi gauni la bibi arusi lipate mikono.
Iliwaka dakika kumi na saba.
Gauni lilikwenda kanisani na mkono mmoja wa pini.

Usiku nikapasua moja kwa msumeno.
Ukamwagika unga, mweupe, mkavu.
Murhula, mwanangu, akauliza kama ni wa bugali.
Katikati, kama kokwa,
betri ndogo kuliko kidole changu cha mwisho,
haina jina wala namba.

Nikaipima. Ilitoa volti zake zote.

Yenyewe haikudanganya mtu.
Sasa imo kwenye tochi ya Murhula, anaendea choo.
Koti nimelitundika juu ya meza yangu,
nisome elfu tisa mia tisa kila asubuhi,
nikumbuke kiganja kilichojua
kikanyamaza.