Mguu Mmoja Hewani

Habari ilitukuta Jumanne, stima imepotea Umoja.
Kavata alinipigia, hakusema neno;
nikasikia tu anavuta kamasi, nikajua.

Jumamosi tukakutana River Road,
mbele ya kibanda cha Nyamweya, muuza vitabu vya mitumba,
aliyetukodishia juzuu ya kwanza kwa shilingi kumi,
jalada limeshikwa kwa selotepu,
ukurasa wa tisini umeliwa na panya.
Hadi leo sijui joka lilimjibu nini malkia.

Katika nchi aliyotubunia, akifa mtu
waliobaki hugeuza mifuko nje,
kivuli cha marehemu kisije kikajificha humo
kikafuatana nao nyumbani.
Nasi tukageuza.
Zikaanguka sarafu, risiti, ufunguo,
punje za njugu.
Askari wa kanjo akauliza, "Mnauza nini hapa?"
Wekulo, mwalimu mzima wa hesabu, akashindwa kujibu.

Wanasema tunamlilia mtu tusiyemjua.
Kweli. Hata mazishini tusingejua pa kuketi.
Lakini ni yeye aliyenifunza kuogopa vizuri,
mimi niliyekuwa naogopa ovyo.

Na Saburi ameachwa darajani,
sura ya mwisho, mguu mmoja hewani.
Kila usiku nazima taa, namwona bado,
kisigino kinatetemeka,
na mto, kule chini, unangoja.

Mfuko wangu wa kushoto
sikuugeuza.