Usiongeze Besi

Zililetwa kwa mkokoteni, mbili, zimefungwa shuka
kama wagonjwa wa nyumba moja.
Nyevu akaandika daftarini:
Spika, jozi, kasha la mvule, kimo cha kifua.
Mwenyewe: Bi Rukiya wa Shekue, zamani Kibokoni,
sasa Bamburi, ghorofa ya tano.
Maradhi: zinakoroma.

Nalijua koromo hilo.
Sponji ya ukingo imelika; ukiigusa
inabaki kidoleni, nyeusi, kama masizi ya chungu.
Mji huu chumvi yake haipigi hodi.
Hula misumari, hula bawaba,
hula gundi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba hudumu.
Lakini karatasi ya koni nzima,
na sumaku nzima: iliking'ata kisu changu
hata Nyevu akakivuta kwa mikono miwili, akicheka.

Sponji mpya ni kuagiza, wiki sita, na forodha juu.
Nikakata ngozi ya kondoo, nyembamba kama kope,
duara kwa duara, nikaibandika
nikaiwekea sahani ya chai juu
nikaenda kulala.

Asubuhi nikafungua mgongo. Parafujo kumi na nne za shaba.
Ndani, badala ya sufu ya kiwandani, pamba ya msufi,
na chini ya pamba, ubaoni, penseli.
Mwandiko wa marehemu Taibali,
aliyenifunza kushika risasi ya moto bila kujichoma
na kujichoma bila kulia:

*Chumba hatua tisa kwa sita. Boriti. Mawe na chokaa.*
*Usiongeze besi. Jirani ana mtoto mchanga.*

Hakuna tarehe.
Mtoto huyo, akiwa hai, sasa ana wajukuu
nao labda ndio wanaotikisa madirisha ya Tudor kila Ijumaa usiku.

Kapasita ya twita ilizaliwa nane. Mita ikasoma tano na kidogo.
Imekauka. Miaka yote hiyo ikifunga mlango
kwa unywele mmoja mmoja.
Nikaitoa, nikatia mpya, kubwa kama kidole gumba,
ya bei ambayo sikumwambia.

Akaja na kanda yake kwenye mkoba wa dawa.
Harusi fulani. Mumewe na udi.
Pumzi ikasikika. Mguu wa kiti ukasikika.
Mtu wa safu ya nyuma akakohoa, nikageuka kumtazama.
Nilijisifu moyoni, siwafichi.

Bi Rukiya akasikiza mpaka upande ukaisha.
"Nzuri," akasema. Kisha: "Siye."

Nikamwambia, bibi, ndivyo hasa alivyopiga. Zilikuwa zimeziba.

"Huyu ana kucha, fundi.
Mume wangu alipiga kama avuaye viatu mlangoni
watu wamelala.
Na kama ziliziba, ziliziba polepole,
nami nikiwapo."

Sikuwa na jibu. Mita haina namba ya hilo.

Siku tatu nilikwepa simu yake.
Ya nne nikaokota zile kapasita kavu kwenye kopo,
nikaziunga pembeni ya zile mpya,
nikatoboa mgongo wa kila kasha tundu dogo,
nikatia swichi.
Juu: kama alivyopiga.
Chini: kama alivyozeeka naye.
Nyevu kashika kalamu ya rangi: niandike nini, juu na chini?
Nikamwambia acha, mwenyewe atajua kwa kidole.

Kabla ya kufunga, nikaomba penseli.
Chini ya mwandiko wa Taibali, wangu mbaya:

*Chumba cha vigae na kioo. Ghorofa ya tano.*
*Ngozi ibadilishwe ikikauka. Swichi isitolewe,*
*hata ukiona haina maana.*
*Besi sikuongeza.*