Kunguru wa Nne

Fremu niliiokota jalalani, Łódź,
nyuma ya kiwanda cha nguo kilichofungwa.
Ilikuwa na mtakatifu ndani. Nikamtoa taratibu,
nikamwegemeza ukutani atazame.

Wavu wa dukani una bei ya kufukuza watu.
Nikakata pazia la jikoni,
nikalivuta, nikalibana kwa stepla
hadi nilipoligonga kwa ukucha likajibu.
Zloti kumi na nane zikaenda kwenye dawa ya mwanga,
sita kwenye raba ya kufutia vioo.
Zilizobaki, mkate.

Dirisha la bafu nimeliziba kwa blanketi.
Jagna, dada yangu, anabisha:
"Unaoga humo, au unaatamia?"
Naatamia. Dakika kumi na mbili chini ya balbu,
kisha maji:
mwanga ulipogusa, dawa imeshika;
kivuli cha kunguru kilipolala, inayeyuka,
naye anabaki tundu,
ndege aliyeumbwa kwa kukosekana.

Fulana ya kwanza, tope.
Ya pili, kunguru hana miguu.
Ya tatu mkono ulitetemeka, wakawa wawili.
Ya nne navuta raba mara moja,
nainua fremu kama anayefunua mtoto aliyelala.

Yupo. Mzima,
ila nukta moja juu ya bawa, dawa ilipotoboka.

Jagna akaivaa mbichi, akaenda nayo kazini.
Amerudi na wino kidevuni
na oda mbili.
Wanaitaka na ile nukta, anasema.

Nami nilishaiziba, mchana,
kwa rangi ya kucha.