Mafundi Sifuri

Mimi ni mwalimu wa hesabu, darasa la sita,
na haya nayaandika kwa kalamu nyekundu.

Picha ilikuwa na jua ambalo Moshono haijapata kuliona,
jua la pande zote, lisilomuunguza mtu.
Nyumba namba kumi na saba, vyumba vitatu,
paa jekundu kama buni mbivu,
dirisha la jikoni likiutazama Meru wote
bila wingu, bila waya wa umeme.
Mbele ya mlango walimchora mtoto juu ya baiskeli.
Eliakunda akanong'ona, "Yule anaweza kuwa wetu."
Tulisaini kwa ajili ya mtoto wa kuchorwa.

Godlisten wa mauzo alikuwa na viatu visivyo na vumbi,
nasi tulikuwa Moshono, kiangazi.
Hapo ningeshtuka.
"Anayenunua kabla ya msingi," alisema, "hununua kwa bei ya mbegu.
Miezi kumi na minane, mwalimu. Mimba mbili tu."

Tukatoa milioni ishirini na nne za kuanzia:
kumi na moja za SACCOS,
tisa za duka la spea la Eliakunda,
nne za ng'ombe wa mama yake kule Nkoaranga.
Mama aliuliza swali moja: "Nyumba iko wapi?"
Tukampa picha.
Akaigeuza, akatazama nyuma ya karatasi.

Mkataba ulikuwa na kurasa kumi na tisa.
Nilisahihisha makosa matatu ya herufi,
kifungu cha kumi na mbili nikakiruka kama mtaro:
*Tarehe ya kukabidhi ni makadirio.*
Makadirio!
Neno ambalo mimi mwenyewe hulikata alama
mtoto asipoonyesha njia.

Msingi ukachimbwa, tukalipa.
Ukuta ukafika kiunoni, tukalipa.
Kisha ukuta ukachoka.
Nondo zikabaki zimesimama, zinaota kutu
kama watu walioambiwa wasubiri hapo hapo.
Ngarenaro tunalipa kodi,
Moshono tunalipia hewa,
na SACCOS inakata mshahara kabla haujanijua jina.
Simu ya Godlisten inaita, inaita,
hadi yule mwanamke wa mtandao anatuomba radhi,
yeye peke yake aliyewahi kutuomba radhi.
Benki wakatuambia bila kuinua macho
kwamba hati mama ya shamba lote iliwekwa rehani
mwaka mmoja kabla picha haijachorwa.

Ubaoni huandika:
Mafundi watatu hujenga ukuta kwa siku nane.
Mafundi sita, siku ngapi?
"Nne!" vidole juu.
Jumatatu niliandika: mafundi sifuri.
Wakacheka.
Naserian wa dawati la nyuma hakucheka.
"Mwalimu, hiyo haigawanyiki."
Nikampa alama zote.

Jumamosi huenda kuitazama nyumba yangu.
Mlinzi, Lomnyaki, hajalipwa tangu Februari;
amepanda maharage sebuleni kwangu,
na ruhusa aliniomba yalipokwisha kuota.
"Udongo huu mzuri," alisema. "Wangeuacha tu."

Jumamosi hii nilikuta gari jeupe,
kijana na mkewe, mimba ya miezi sita hivi,
muuzaji mpya, jina jipya la mradi,
na katika picha mtoto yule yule, baiskeli ile ile.
Hajakua hata inchi.
Mke alikuwa amemwekea kidole.
Nikakijua kidole kile.

Sikuwa na hotuba. Nilikuwa na vumbi magotini.
Nikasema, "Kabla hamjatoa hata senti,
mwulizeni hati mama iko wapi,
kisha msimsikilize yeye, nendeni ardhi mkaulize tena."
Muuzaji akatazama viatu vyake.
Yule dada akanitazama kama mtu aliyevunjiwa kikombe,
na sijui mpaka leo walifanya nini.

Lomnyaki alinijazia mfuko wa maharage.
Usiku tukala, Ngarenaro, taa imekatika.
Eliakunda akatafuna polepole.
"Matamu. Umeyatoa wapi?"

Sebuleni, nikamwambia.