Lehemu

Nilifungua bomba Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
nyumba ya marehemu Bi Mwanamvua, choo cha uani.
Nje lilikuwa zima: rangi ya kijani, hata ufa halina.
Ndani kutu imeota nyama,
tabaka juu ya tabaka,
mpaka njia iliyobaki ya maji
haipitishi kalamu.
"Miaka arobaini," akasema Sechambo, msaidizi wangu,
akakipuliza kipande kama zumari.
Hakikulia.

Nilikuwa nacho kwenye kikapu cha baiskeli
siku kifua kiliponibana njia ya Bombo.
Sikuwa naenda hospitali,
nilikuwa naenda kudai pesa yangu.
Mkono wa kushoto ukawa wa mtu mwingine.

Daktari Shekalaghe, binti mdogo, kucha fupi,
akanionyesha picha ya moyo wangu,
mishipa kama ramani ya mito isiyo na majina.
"Hapa pamebana. Ni lehemu."
Nikacheka, kifua kikauma.
Lehemu ni kazi yangu, binti.
Miaka thelathini naziba nayo matundu ya bati,
harufu yake naijua gizani.
Nani kanilehemu mimi?

Nikaweka kipande cha bomba juu ya faili lake:
ni hivi, siyo? Mafuta yameganda ukutani,
kama samli ya Lushoto asubuhi ya Julai.
Akakigeuza kwenye mwanga.
"Karibu," akasema. "Ila bomba lako limekufa, mshipa uko hai,
na balaa lote limo humo."

Nilivyomwelewa ni hivi.
Mafuta hayakai juu ya ukuta. Yanapenya lipu,
yanajibanza nyuma yake kama mpangaji asiyelipa.
Yangebaki mazima yangetoka yalivyoingia.
Lakini huko yanang'atwa na hewa,
oksijeni hii hii
inayoniweka hai ndiyo inayoyachachisha,
na moshi wa sigara zangu unaitia meno.
Mwili ukinusa uvundo unatuma askari.
Askari hawa hawana kirungu, wana mdomo.
Wanakula, hawajui kushiba,
wanavimba, wanageuka povu,
wanafia pale pale walipotumwa kulinda.
Wanaokuja kuwazika nao wanakula.
Juu ya kaburi hilo mwili unapiga lipu mpya, na chokaa,
kama mtu anayekarabati nyumba usiku
bila kuuliza nani kafia ndani.

Na dawa ya kutu? Mimi nina brashi ya waya.
Nimesikia kuna vidonge, chupa moja bei ya kuku watatu.
Akatikisa kichwa. Vilijaribiwa kwa maelfu ya watu,
moyo haukusikia.
Akaandika dawa nyingine.
Akasema kula chungwa, chungwa lenyewe,
si picha ya chungwa kwenye chupa.
Ya Muheza nimekula tangu sijaota meno, nikamwambia.
"Na sigara je?"
Nikatazama bomba.

Mwanakheri wangu anakaanga mihogo mlangoni.
Mafuta ya Jumatano bado yalikuwa karaini Jumamosi,
meusi, yanafuka kabla moto haujakolea.
Sikusema kitu; mke wangu si mtu wa kuambiwa.
Aliniona ninavyolitazama karai,
akalibeba mwenyewe, akamwaga nyuma ya choo.

Asubuhi nilikwenda kuangalia.
Siafu walikuwa wamepita kando,
mstari wao umepinda kulizunguka doa.
Nikachuchumaa hapo kitambo, vidole kwenye kifundo cha mkono,
nahesabu, napotea hesabu, naanza upya.

Barabara ya Kumi na Tatu sasa kuna bomba la plastiki.
Mwenye nyumba ananiuliza litadumu miaka mingapi.
Pesa yangu ya Bombo sijalipwa mpaka leo.