Herufi H

Imezima tena, Ijumaa saa tano usiku,
katikati ya neno "ameacha".
Mzee Lihanda wa Shinyalu anazikwa kesho saa nne,
ana wajane watatu, na kila mmoja amenipigia simu
kuniambia nani atangulie kwenye karatasi.
Kioo kikageuka buluu, kikaniomba radhi kwa Kiingereza,
feni ikakohoa kama mvuta kiko,
kisha kimya.

Kibanda changu kinatazamana na lango la mochari, hapa Kakamega.
Watu hunijia na picha moja ya kitambulisho
na maisha mazima nyuma ya risiti ya mbolea.
Nachapa. Mwaka wa tisa huu nachapa kwa mashine hii:
alizaliwa, alisoma, aliokoka, aliugua kwa muda mfupi.
Betri ilikufa zamani, inaishi kwa waya,
na huku radi hubisha kila alasiri
kama mwenye nyumba anayedai kodi.
Bawaba imeshikwa na plasta ya kidonda.
Herufi H iling'oka mwaka wa korona,
mwaka niliouhitaji mkono wake kuliko yote.
Tangu hapo, kila asubuhi naitafuta H katika kazi ya jana,
nainakili, naibandika: mare, bandika, emu.
Marehemu wote wa upande huu wamezikwa kwa H moja.

Jumatatu nikampelekea Mukolwe, nyuma ya posta.
Akafungua skrubu saba (ya nane sijui ilikokwenda),
akapuliza, zikatoka mbawa za kumbikumbi.
"Diski ni kama jino, Dada Kavere.
Ukianza kulisikia, ujue."
Diski elfu tatu na nusu. Betri elfu nne, tena ya kuigiza.
Kibodi. Feni. Bawaba. Jasho lake.
Alijumlisha kwa kalamu kwenye kiganja,
kiganja kikajaa, akahamia mkononi.
"Kumi na tatu," akasema, akiangalia pembeni
kama daktari mbele ya ndugu wa mgonjwa.
"Zidisha mara mbili tu, uchukue ile."

Ile ilikuwa rafuni, nyembamba, ya kijivu,
imetoka Ulaya, imechosha mtu mmoja tu.
Nikabonyeza H.
Ikashuka, ikapanda, bila kinyongo.
Kipya kinyemi, nikajiambia, ingawa kidonda.
Nikajijibu: usiache mbachao.
Wahenga hawakulipa karo ya muhula wa pili,
ndiyo maana walikuwa na methali ya kila upande.

Usiku nikapiga hesabu.
Elfu ishirini na sita, kwa mia mbili mia mbili,
ni mazishi mia moja na thelathini.
Nikajikuta nawawaza majirani
mmoja mmoja, na kikohozi cha kila mmoja.
Nikazima taa.

"Weka diski," nikamwambia Mukolwe. "Okoa utakachookoa.
Hayo mengine acha."
"Na H?"
"Ninayo."

Ya Mzee Lihanda niliiandika kwa mkono usiku ule ule,
wajane nikawapanga kwenye mstari mmoja, majina yamebanana.
Hakuna aliyelalamika. Labda mwandiko haukusomeka.

Sasa mashine inaamka kabla chai haijachemka,
sijui nizifanyie nini dakika hizo.
Faili ya mzee imepatikana, imekatikia "ameac".
Nilikuwa bado naiangalia
kijana alipoingia na bahasha, viatu vina matope ya Malava,
akasimama kwanza, akapangusa miguu mara tatu.
"Ni mama," akasema. "Andika Helida."
Nikamsogezea kiti.
"Ngoja kidogo," nikasema,
nikaanza kutafuta H.